Ganda Lirudi Kibanjani

Aibu yangu ya leo ilianza saa nne na robo asubuhi. Kabla ya saa tano ilikuwa imekamilika. Nawasimulia mwenyewe, rafiki zangu, kabla hamjamsikia Kaijage, maana Kaijage huongeza chumvi.

Wengi mnajua nawania umeya wa Bukoba. Meya tunamchagua sisi madiwani miongoni mwetu, na leo saa nane mchana madiwani wa chama chetu walikuwa wakutane kuamua nani asimame: mimi au Kaijage. Kaijage ana sauti nzuri. Mimi niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea dukani kati ya mteja na mteja. Sauti sina. Nina dira.

Dira yenyewe naipenda hadi sasa. Mji wetu unakula ndizi za Muleba. Maganda tunayatupa, yanaozea mitaroni, yanaziba maji. Huko Muleba nako vibanja, mashamba yetu ya migomba, vimechoka, vinataka mbolea. Kwa hiyo kila ganda lirudi lilikotoka. Gari lililoleta mikungu lirudi na maganda badala ya kurudi tupu. Mji uwe safi, kibanja kishibe. (Nionyesheni kosa liko wapi. Halipo.)

Na sihubiri nisilolitenda. Kila wiki maganda ya nyumbani kwangu yanajazwa kwenye magunia, na mke wangu, Mama Byera, anayapeleka stendi yapande basi hadi kwa kaka yake, Deo, huko Muleba. Kila gunia naliandika mwenyewe kwa rangi ya bluu. Nikimpigia Deo, anasema mzigo umefika na anashukuru. Jambo hili nimelieleza kwenye kila kikao, mpaka wengine wakawa wananimalizia sentensi.

Leo basi, kabla ya kura, nikawaalika madiwani na bwana afya tukauone uchafu wa mji kwa macho. Nikachagua jalala la wizi kando ya barabara, upande wa Bilele. Walikuja wote. Nilikuwa nimevaa koti.

Nikawaeleza kwamba mtu anaweza kujificha, lakini taka zake hazimfichi. Nikawaonyesha rundo la magunia yaliyolala kifudifudi kwenye nyasi, midomo imefungwa kwa kamba, mafundo yote ya aina moja. Nikasema anayefunga hivi si mlevi, ni mtu wa mipango, mwenye familia, na pengine anaheshimika mtaani kwake. (Nilikuwa sahihi kwa kila neno.) Kisha nikamwomba Kaijage anisaidie kugeuza gunia moja, ili asije akasema nimepanga.

Akaligeuza. Akasoma kwa ile sauti yake nzuri:

“Kwa Shemeji Deo, Muleba. Ganda lirudi kibanjani.”

Akageuza la pili. Kwa Shemeji Deo. Akageuza la tatu, taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe.

Hajati Zuhura, mkongwe wetu barazani, akanitazama kwa huruma. “Baba Byera,” akasema, “Muleba wameihamishia hapa lini?”

Mtu mwingine angeondoka. Mimi ni mtu wa ushahidi. Nikasema hayo ni magunia matupu yaliyookotwa na mtu akatilia taka zake, na kwamba mzigo wa wiki hii uko Muleba tangu juzi. Nikampigia Deo palepale, nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

“Shemeji, mzigo wa wiki hii umefika?”

“Umefika, waitu,” akajibu kwa heshima ya Kihaya. “Tunashukuru sana. Tumeshaumwaga kibanjani.”

“Wa wiki hii?”

“Huohuo, shemeji. Migomba imenenepa, ungeiona.”

Nikawatazama wenzangu kwa ushindi. Hajati akaninyang'anya simu.

“Deo mwanangu, ni mimi Hajati Zuhura. Umewahi kuliona gunia lenyewe?”

Deo akashusha sauti.

“Mwanzoni yalikuja mawili, mama. Baadaye sijaona. Lakini shemeji akikuuliza kama zawadi yake imefika, utamjibu nini?”

Kaijage aliketi chini akicheka. Aliketi juu ya gunia langu.

Mama Byera, nilipompigia, hakukana. Konda wa basi alikataa mzigo tangu wiki ya tatu, baada ya maji ya maganda kuchuruzikia begi la abiria. Akatokea mwenye mkokoteni, akasema anajua pa kuyapeleka. Mke wangu hakutaka kunivunja moyo wakati wa kampeni. (Ananipenda. Hilo nalo limethibitishwa hadharani.)

Bwana afya akakohoa. Kaijage akamwambia anisamehe, maana mimi ni mgeni kwenye dira yangu. Nilikataa kusamehewa. Nikalipa faini, nikadai stakabadhi, nikavua koti, nikakodi pikapu, nikapakia magunia yote kwa mikono yangu huku wapiga kura wangu wakiniangalia.

Hajati alinisogelea nikiwa nimeloa maji ya maganda hadi viwikoni. Akasema wagombea wote aliowajua walimwonyesha uchafu wa wengine, na mimi ni wa kwanza kumwonyesha wa kwangu, ingawa sikukusudia.

Saa nane wakapiga kura. Nimepita kwa kura moja. Kaijage amenipa mkono na jina jipya, Mheshimiwa Ganda, na nimeyapokea yote mawili.

Jioni hii Deo amepiga simu kusema magunia yamefika. Nimemwomba picha.

Picha imekuja. Faini elfu hamsini, pikapu elfu themanini. Kwa hiyo msinicheke: dira yangu imefika Muleba, kwa shilingi laki moja na elfu thelathini.