Tukutane Daraja la Kwanza

Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wake shemeji amekuja mapumzikoni. Muuguzi. Anacheka mahali panapostahili. Nimeazimia kuupata moyo wake kabla hajarejea kwao Jumatatu. Jumamosi nitamtembeza mji mkongwe: ngome, mnara wa saa, madaraja, mto wenyewe. Nani anafaa kuliko mimi, mwenye shahada ya historia, daraja la kwanza? Nililitaja hilo mara kadhaa mezani. Binamu yangu, kinyozi, asiyejua tofauti ya ngome na ghala, akadakia kwamba naye yumo. Shemeji akasema penye wengi pana mengi. Methali hutumiwa vibaya sana nyumba hii.

Ijumaa, 7 Machi

Sina wivu. Nachunguza tu. Binamu alimsimulia habari za mteja aliyesinzia akaamka na upara. Muuguzi akacheka hadi akamshika bega. Mimi nilimsimulia jinsi ngome ilivyozingirwa. Akapiga miayo. Uchovu wa safari. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinanyoa watu.

Mbinu: nimemwambia binamu matembezi yameahirishwa. Kisha nimekata tiketi mbili za boti ya matembezi, daraja la kwanza. Muuguzi nimemdokezea tu kwamba kuna jambo la mtoni.

Jumamosi, 8 Machi

Muuguzi alitangulia sokoni na dada yake, akanitumia ujumbe: "Shemeji, tukutane daraja la kwanza saa nne." Nikatabasamu. Kumbe ameshang'amua habari za boti!

Nikapanda boti, nikaketi. Kiti cha pili nikakiwekea koti. Mama mmoja akataka kukikalia. Tukabishana juu ya haki ya kiti, kwa hoja nzito hata sikusikia honi. Boti ikaondoka. Hoja nilishinda.

Tukapita chini ya daraja la mawe ambalo wenyeji huliita la kwanza, ingawa kihistoria ni la pili, na muuguzi nilikwisha kumweleza. Nikainua macho. Ameegemea ukingo. Kando yake binamu, aliyeitwa na shemeji kubeba vikapu. Akapaza sauti: "Msomi, mbona watukimbia?" Muuguzi akanipungia mikono yote miwili. Yule mama, akiwa amekalia koti langu, akauliza kama yule ni mke wangu. Nikamfafanulia maana zote za neno daraja hadi mwisho wa safari. Hakuuliza tena.

Jumapili, 9 Machi

Jana walizunguka mji mzima bila mimi. Binamu alidai mnara wa saa ulijengwa na babu yetu. Upotoshaji mtupu, na muuguzi angali anaucheka. Kesho binamu naye anasafiri, eti kwenda kuwasalimu wazazi wa muuguzi. Adabu imemwingia ghafla.

Jioni nikapata ujumbe: "Shemeji, kesho njoo kituo cha treni utuage."

Nimeichambua hiyo "tu". Mjinga angedhani ni yeye na binamu. Aliyesoma sarufi huona mara moja kwamba ni wingi wa heshima. Binti mwenye haya hathubutu kuandika "uniage".

Koti limefuliwa. Nitawahi, nimsubiri ndani ya behewa. La daraja la kwanza, bila shaka.