Shimo Langu Kando ya Kisima

Kasongo. Jumatatu, 3 Juni 2024

Kiangazi kimeanza na tayari nimekosana na jirani. Maji yetu ya kufulia na kuoshea vyombo yamevuka tena mpaka, yakatuama mbele ya jiko la Kamaldine. Amekuja kulalamika kwa upole, jambo linaloniudhi kuliko matusi. Alisema kila nyumba ya avenyi, mtaa wetu huu, imekwisha kuchagua namna ya kusafisha maji yake isipokuwa yangu. Nikamjibu kwamba bado nachunguza. Sijachunguza kitu.

Sidonie, mke wangu, yeye amechagua. Anataka mfereji wa kokoto kule chini mwisho wa kiwanja, pembeni tupande migomba na magimbi yanywe hayo maji. Akina mama wa parokia walifundishwa hivyo. Ubaya ni kwamba Kamaldine anao mfereji kama huo, na migomba yake imenona. Nikichimba wangu watu watasema Octave ameiga. Na kiti cha chefu wa avenyi, kiongozi wa mtaa, kiko wazi, tunakitaka wote wawili.

Jumatano, 5 Juni

Rafiki yangu Serge amerudi kutoka machimbo ya Salamabila. Dhahabu hakupata, alipata kikohozi. Lakini mtu aliyeosha mchanga miaka yote hiyo anajua maji. Anasema mchanga hushika kila uchafu. Nilimuuliza kama kule machimboni wanayanywa maji hayo. Akasema hapana, akabadili mazungumzo.

Wazo limenijia hapohapo. Shimo la mchanga na makaa, hatua chache tu kutoka kisima kilicho mpakani. Maji machafu yatashuka, yatachujwa, yatapenya ardhini na kurudi kisimani. Tutayachota upya. Visima vya wengine vikikauka, chetu kitajaa. Nani atamnyima kiti mtu kama huyo?

Sidonie alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo tutakunywa maji ya nepi za Elsa?"

Elsa ni binti yetu, ndio kwanza ameanza kutembea. Nilimwambia mama yake kwamba hajaelewa sayansi. Alisema ameelewa vizuri sana.

Jumamosi, 8 Juni

Sidonie alikwenda sokoni, mimi na Serge tukachimba. Udongo kando ya kisima ni laini, nikaona ni baraka. Mchanga ulitupungukia, tukajazia matofali mabovu. Makaa Sidonie alikuwa ameyaficha. Serge akasema makaa si lazima.

Kamaldine alikuja kusimama mpakani. Kisima hiki kilichimbwa na marehemu baba yake na avenyi nzima inachota hapa, basi anajiona mlinzi. Aliuliza taratibu kama shimo haliko karibu mno. Nikamwambia ukaribu ndio mpango wenyewe. Akaomba basi tungoje Idi ipite, atakuwa na wageni. Wivu mtupu.

Sidonie aliporudi aliona shimo, akatua kikapu. Sasa anabeba maji machafu kwa beseni hadi mwisho wa kiwanja. Mimi nimeunganisha bomba kutoka kibanda cha kuogea, ili hata yeye akioga achangie.

Ijumaa, 14 Juni

Kisima kimepanda. Kamba inafika majini mapema kuliko juma lililopita. Nimemwita Serge ashuhudie, akakohoa kwa furaha. Nimeanza kutunga hotuba.

Sidonie anateremka kila siku na bidoni, dumu la plastiki, hadi chemchemi, hataki maji yetu. Imeniuma. Alipokuwa huko nimempa Elsa kikombe kizima kutoka kisimani. Amekunywa, akacheka. Nitamweleza mama yake wakati ufaao.

Jumapili, 16 Juni

Idi. Wageni wa Kamaldine walikuja kuchota maji ya udhu. Ndoo ya kwanza ilipanda na povu jeupe. Ya pili vilevile. Kamaldine akaniita.

"Jirani, kuja uone. Hii maji iko na povu."

Nilisema povu ni dalili ya usafi. Hakuna aliyecheka. Shangazi yake, mwanamke mzee, alinusa, akamwaga chini, akajifuta mikono kwenye kitenge chake kipya. Wageni wote wakashuka chemchemini na mavazi yao ya sikukuu, wamebeba bidoni.

Kamaldine aliketi kwenye ukingo wa kisima.

"Baba alichimba hapa mimi nikiwa ningali tumboni," alisema.

Kisha akainuka, akawafuata wageni wake. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 17 Juni

Elsa anaharisha. Macho yameingia ndani. Sidonie alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, nami nikafuata nyuma. Mwuguzi aliuliza mtoto amekunywa maji gani. Sidonie akajibu ya chemchemi, tena yamechemshwa. Nikalazimika kusema. Sidonie alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Wanaume wa avenyi wamefunika kisima kwa mbao.

Jumamosi, 22 Juni

Elsa amepona, Mungu ashukuriwe. Amepona, na mama yake ameondoka naye kwa pikipiki kwenda Kabambare, kwa baba mkwe wangu. Aliniambia akifunga mzigo, "Baba Elsa, sikuchukii. Nimechoka kuwa mtu wa kufanyiwa majaribio."

Jioni wamemchagua Kamaldine. Hakuna aliyepinga. Kazi yake ya kwanza ni kufukia shimo langu. Nilijitolea kushika sepeto, wakasema nipumzike.

Nyumba iko kimya. Nimekula muhogo mkavu.

Kabambare. Jumapili, 30 Juni

Nimefika jana, vumbi mpaka kwenye meno. Baba mkwe, mzee Dominique, amenipokea vizuri kupita nilivyostahili. Elsa alinijia mbio. Sidonie alinipa chakula na kusema atarudi siku Kamaldine atakapokunywa maji ya kisima kile mbele ya watu. Nikaahidi kila kitu. Nimemwambia nimebadilika, na nilipolisema neno hilo nililiamini.

Nimetafakari sana njiani. Kosa lilikuwa la matofali. Mchanga wenyewe haukuwa na hatia.

Sasa nimeona kwamba maji ya kufulia ya mama mkwe yanamwagika bure nyuma ya nyumba, na chini kidogo tu kuna chemchemi nzuri inayonywesha mtaa mzima, imepungua kwa kiangazi. Mchanga wa hapa ni safi sana. Sepeto nimeiona chini ya ghala. Kesho nitaamka kabla yao. Sidonie akifungua mlango atajionea mwenyewe ameolewa na mtu wa namna gani.