Mganga wa Vanga Mlangoni Kwangu

Jumatatu, 7 Julai 2025

Leo nimevunja mlango wa mbele. Wangu mwenyewe. Nimetoka hotelini Diani, miguu inawaka kwa kubeba sahani tangu asubuhi. Nikapapasa mifuko ya suruali, ufunguo hakuna. Everline, mke wangu, alikuwa ameenda Ukunda kununua uzi. Mwanamume mwingine angengoja. Mimi nikarudi nyuma, nikachukua mbio, nikaupiga teke. Mlango wetu hufunguka kwa nje. Fremu imeng'oka na bawaba zake, mchwa wakatoka kutazama kuna nini. Nilipoinama kuokota kitasa, ufunguo ukaanguka kutoka mfuko wa koti.

Nimemwambia Everline ni wezi. Ameuliza mwizi gani huyo avunje mlango kisha atuachie ufunguo wetu sakafuni. Nimesema wezi wa siku hizi wana dharau.

Jumanne, 8 Julai

Mwenye nyumba amesema kwa simu kwamba aliyevunja atengeneze. Mzee Tsofa, seremala wa hapa Bongwe, amesema mlango mpya utakuwa tayari Ijumaa, mbao bado mbichi, nivute subira. Subira! Jumamosi ushirika wetu wa kanisa unasali kwangu, na baada ya sala tunachagua mwenyekiti. Tunaogombea ni wawili: mimi na Austine, mhudumu mwenzangu wa hotelini, anayecheka kwa meno yote. Nakitaka kiti hicho kuliko ninavyothubutu kumwambia mtu. Na nani atampigia kura mtu asiye na mlango?

Kwa sasa nimeusimamisha mlango mahali pake, nikausukumia kochi kwa ndani, nikatokea dirishani. Kichwa na mabega vimetoka. Tumbo limekataa. Jirani yetu, Bi Kahaso, ameona nusu ya mwanamume inaning'inia akanimwagia beseni zima la maji aliyooshea samaki. Ameniomba radhi kwa adabu zote: angalijua ni Baba Purity, angalimwaga yaliyo safi.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata dawa. Huku watu wakiona kitu kimefungwa dawa, shamba au nyumba, hawakigusi, na aliyefunga ndiye afunguaye. Basi nimechukua kitambaa chekundu cha mezani (kimenifuata kutoka hotelini, sijui vipi), nikakikunja vizuri, nikakifunga pamoja na chupa na kifuu cha nazi, nikaning'iniza mlangoni kwenye msumari. Bi Kahaso ameuliza ni nani aliyenifanyia kazi hiyo. Nimejibu ni mganga mkubwa wa Vanga. Vanga ni mbali na barabara ni mbovu, hakuna atakayekwenda kuuliza.

Everline amesema afadhali cherehani yake iibwe kuliko ilindwe na chupa ya soda. Nimemtuliza: mlango mpya ukija Ijumaa, hirizi naitupa, ushirika hautajua lolote.

Alhamisi, 10 Julai

Inafanya kazi! Mlango umeegemezwa tu, hata paka angeuangusha, lakini hakuna aliyeusogelea. Muuza maji ameacha mitungi barabarani. Bi Kahaso amehamisha kuku wake. Nimelala usingizi wa mfalme.

Ijumaa, 11 Julai

Mzee Tsofa amefika na mlango mpya kwenye mkokoteni. Nimempa shikamoo, ameitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye kitambaa. Amesema yeye cha watu hakigusi, nimwite mganga mwenyewe aje afungue. Nimesema basi nitafungua mimi. Amenishika mkono, kwa upole kabisa, akaniambia nisijitafutie mabalaa na mtoto ninaye. Kisha akageuza mkokoteni akaenda zake na mlango wangu.

Ningeweza kukitoa usiku. Lakini Bi Kahaso ataniuliza, atajua nilidanganya, na akijua yeye Bongwe yote imejua kabla ya kura. Nimetundika pazia jeupe juu ya kila kitu. Kesho tutasalia uani, kwa ajili ya hewa safi.

Jumamosi, 12 Julai

Hewa ilikuwa safi mno. Tukiwa kwenye wimbo wa pili, upepo ukalipandisha pazia.

Bi Kahaso, aliyekuwa akichungulia, akawaeleza kwamba hiyo ni kazi ya mganga mkubwa wa Vanga. Austine akasimama, akainyoosha mikono, akaanza kukemea kwa sauti nzito. Akina mama wakawa wanaitikia amina. Katikati ya kukemea akafumbua jicho moja. Akasogea. Akageuza kitambaa upande wa pili. Akauliza kama mganga wa Vanga naye amefundishwa na mkuu wetu wa wahudumu, maana huo ni mkunjo wa mkia wa tausi, tunaowakunjia maharusi wa fungate. Kweli. Mikono yangu ilikunja yenyewe. Na pembeni palikuwa na nembo ya hoteli.

Everline ameinuka, akakifungua. Mlango ukaanguka taratibu mbele ya ushirika wote. Mzee Tsofa, aliyekuwa akichungulia uani pamoja na Bi Kahaso, akaenda kuleta mkokoteni wake. Nimeona aibu, ile aibu ya masikio kuwaka.

Austine amepata kura zote ila mbili. Moja ni yangu. Ya pili sijui ni ya nani. Si ya Everline, ameniambia mwenyewe.

Kisha mwenyekiti mpya, kwa meno yote, amependekeza nami nipewe kazi: nishike ufunguo wa kanisa, kwa kuwa mambo ya milango nimeyasomea. Watu wamecheka. Mimi nimekubali haraka. Cheo ni cheo.

Jumapili, 20 Julai

Naandika haya kwenye ngazi za kanisa. Ibada ni saa tatu. Ufunguo sina. Nimepapasa mifuko yote miwili ya suruali. Kwaya inakuja barabarani, na mbele yao nayaona meno ya Austine. Hawezi kunikuta nimesimama nje.

Mlango huu ni wa mvule na unafunguka kwa nje, lakini safari hii nitachukua mbio ndefu zaidi. Koti lilikuwa linanibana. Nimelivua nikalitupa kwenye ngazi, likalia kama lina chuma ndani. Sina muda wa kuangalia.