Kiti cha Mbele ni Changu

Jumatatu, 3 Juni

Nchi hii ina watu wawili tu wenye akili timamu, na wa pili bado hajazaliwa. Wa kwanza ni mimi. Sijisifu. Nalisema mwenyewe kwa kuwa nimengoja miaka mingi mwingine aliseme, kimya.

Ushahidi huu hapa. Ngongoti, rafiki yangu tangu tulipokuwa tukikaa dawati moja (yeye akijibu maswali, mimi nikinakili kwa mwandiko mzuri zaidi), amepata kazi ya maabara katika hospitali iliyo mwisho wa nchi. Mwisho kabisa. Ukipiga chafya huko unaombwa pasipoti. Shangazi yake amempa gari lake kuukuu aende nalo. Mtu wa kawaida angekanyaga mafuta, akafika, akaoga, akalala. Mimi nikamuuliza: kwani unafukuzwa? Kazi inaanza mwisho wa mwezi. Tuondoke Jumamosi, mimi na wewe, polepole, kama watu wenye nchi yao. Kilima kikitupendeza, tunasimama. Mto ukitupendeza, tunaosha miguu. Ngongoti akacheka mpaka akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Akasema sawa.

Kazi tumegawana kwa haki. Yeye ataendesha. Mimi nitakaa mbele na kutoa maoni.

Kuna jambo dogo tu. Kiti cha nyuma kimeng'olewa ili kitanda chake na masanduku ya vitabu vipate nafasi. Kimebaki kiti kimoja cha abiria. Kinatosha. Mimi ni mmoja, ingawa kwa uwezo ni umati.

Akishaenda huko ndiyo basi, kurudi ni majaliwa. Si kwamba najali. Naandika tu.

Jumanne, 4 Juni

Fitina! Kinyozi! Huyu kibanda chake kimepakana ukuta kwa ukuta na karakana ya Mjomba, ambako mimi ni fundi wa makochi. (Mjomba husema mwanafunzi wa fundi. Wivu.) Leo kinyozi amemwambia Ngongoti kwamba naye angependa kunyoosha miguu, aione nchi. Ana leseni. Anajua kubadilisha tairi. Ana dada zake njiani, kila mji mmoja, na wote wanapika. Mtu mwenye dada wengi hivyo si wa kuaminika.

Ngongoti, ambaye tangu azaliwe hajamwambia mtu hapana, amemjibu, "Tutaangalia." Tutaangalia! Nikamuuliza ataangalia nini, mimi au kile kichwa kama yai la kuchemsha? Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mimi ndiye wa kwanza. Wa kwanza! Kukiwa na wa kwanza kuna wa pili. Mimi si mjinga. Shule niliacha kidato cha pili, kwa hiari ya mwalimu mkuu.

Jioni wazo likanishukia. Kiti kikiwa mikononi mwangu, nani mwingine atakikalia? Nikamwendea Ngongoti, nikamwambia kiti kile kimechoka, springi zinachoma, nipe nikitengeneze upya, iwe zawadi yangu ya kuagana. Machozi yakamlengalenga. Hayajakauka, mimi nimeshafungua nati zote.

Jumatano, 5 Juni

Nimekichana kiti. Ndani nimekuta kitana, maganda ya karanga na peremende moja iliyokwisha kuanzwa. Haikuwa imeharibika.

Safari ndefu si mchezo, abiria wa mbele anahitaji sponji. Nikaweka. Nikaongeza. Nikatia mikono ya kuegemea pande zote mbili, minene, kama kochi la mheshimiwa. Juu nikatia masikio, kulia na kushoto, ili usingizi ukinipitia shingo isivunjike. Nikajaribu kukaa. Niliamshwa na Mjomba kwa kikombe cha maji ya usoni.

Mjomba akakizunguka kiti kama mtu anayenunua ng'ombe. Akauliza kama nimepima. Ana wimbo mmoja tu duniani: futi haing'ati. Nikamwambia jicho la fundi ndilo futi yake. Akanitazama kama vile anajaribu kukumbuka ni dada yake yupi aliyenizaa, na ana dada mmoja tu.

Halafu kinyozi akachungulia, mashine inanguruma mkononi, mteja nyuma yake kanyolewa upande. "Mdogo wangu, hicho kitapita mlangoni?" Nikamwambia anayenyoa vichwa anyoe vichwa. Kijicho hicho! Ameshaona kiti kimemponyoka.

Alhamisi, 6 Juni

Kiti kinataka nguo. Pale karakana kuna kochi la Mama Dawa, mwenye duka la dawa la kona ya pili. Mahameli ya kijani, laini kama sauti ya mtu anayekuja kukuomba kitu. Nimekata kipande cha mgongoni tu, nikabandika kitambaa cheusi mahali pake. Kochi hukaa ukutani. Nani aliwahi kulisalimia kochi kwa nyuma?

Kiti kimependeza mpaka nimekionea haya kukikalia na suruali ya kazi. Nimekikalia hivyo hivyo.

Nyumbani, Mama ameuliza nikishafika huko nitarudije. Sikuwa nimefikiria. Nani hupanga kurudi kabla ya kwenda? Mama akasema nimechukua kichwa cha marehemu baba. Nikamshukuru. Akasema hakunisifu.

Ijumaa, 7 Juni

Mama Dawa kaja kuliona kochi lake. Akalizunguka! Kumbe sebule yake ni pana, kochi linakaa katikati, na wageni wanaingia kwa upande wa nyuma. Watu wengine hupanga nyumba kwa kuwakomoa wenzao. Akauliza kwa ile sauti ya pole anayowaambia wagonjwa kwamba dawa ni chungu: "Kijana, kochi langu limefiwa?"

Mjomba hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Akatoa mahameli yake ya akiba, akaniambia nishone mgongo mzima upya leo leo, ndipo safari yangu iwe halali. Nimeshona mpaka shingo imepinda kama mpini wa mwavuli.

Alasiri Ngongoti akaja. Akasimama mlangoni kwa namna yake, nusu ndani, nusu juu. Akasema twende tukakae kidogo pale kwenye ukuta wa shule yetu, kama zamani, kuna maneno anataka kuniambia kabla hajaondoka. Mimi pini zimejaa mdomoni. Nikamwonyesha kwa kidole: kochi, kiti, kazi. Nilipozitema nikamwambia maneno ya nini leo wakati tuna njia nzima mbele yetu, atasema mpaka mate yamkauke. Akakipapasa kiti kwenye sikio. Akasema, "Haya, kaka." Akaenda.

Nilimaliza kochi, nikapata nafasi ya kitu cha mwisho. Taji! Nimelishona kwa uzi wa dhahabu, juu kabisa, pale kichwa changu kitakapoegemea. Kesho kinyozi alione, alie.

Jumamosi, 8 Juni

Mtaa mzima ulitoka kutuaga. Nikatokeza karakanani nimekikumbatia kiti, watu wakashangilia. Nilisimama kidogo ili wanaochelewa kuona nao waone.

Kiti hakiingii.

Kwa mbele, hakiingii. Kwa ubavu, hakiingii. Kwa mgongo, kiligoma zaidi. Tukajaribu kupitisha nyuma, kitanda kikakataa. Tukajaribu dirishani, likaingia sikio moja. Mjomba alitoa futi mfukoni, akaiangalia kwa mapenzi, akairudisha. Nilipima makalio yangu, nilipima mabega yangu. Sasa mlango nao ni wa kupimwa? Mlango ni wa kuingilia!

Mtu akashauri tupunguze sponji. Nikamuuliza kama angependa apunguzwe yeye. Mimi nikashauri tung'oe mlango wa gari, upepo ni afya. Shangazi wa Ngongoti akaukumbatia mlango wake kwa mikono miwili.

Hapo kinyozi akaingia kibandani, akatoka na kile kiti chake cha kunyolea watoto. Kidogo, kinazunguka, na mbele kina kichwa cha sungura cha mtoto kushikilia asilie. Akakipachika, akakaza nati, kikatulia kama kimezaliwa humo. Nikasema moyoni: huyo, mwizi kajitokeza! Lakini akanigeukia mimi. "Panda, mdogo wangu. Wewe ndiye rafiki yake. Dada zangu hawakimbii."

Ngongoti akaupiga mlango kofi. "Njoo, kaka, twende zetu."

Sungura! Mimi, mwenye taji! Mbele ya watu wote hao! Nikatangaza kwamba mtu wa hadhi yangu hasafiri kama mtoto anayeletwa kunyolewa. Kiti changu kikienda, naenda. Kisipoenda, siendi. Nikageuza uso pembeni, nikangoja kubembelezwa. Mtu mwenye heshima zake hubembelezwa mara tatu, kila mtu anajua. Jamani, mimi nimebembelezwa mara moja na nusu! Ngongoti alifungua mdomo, shangazi yake akasema jua linapanda, na ile nusu nyingine ikaishia hapo.

Kinyozi akapanda. Kila gari likitikisika, kiti kinazunguka, kwa hiyo kaondoka mara ananitazama mimi, mara anaitazama nchi.

Jumapili, 9 Juni

Nipo uani, nimekalia kiti changu. Sifa zangu zote ni za kweli. Hakuna kiti kama hiki. Kuku wa jirani amejaribu kupanda, nimemkatalia.

Ngongoti ameleta ujumbe kwenye simu. Walisimama kilimani, wakaosha miguu mtoni, wamelala kwa dada wa kwanza. Kinyozi ananisalimia, kizunguzungu kimempungua. Ngongoti ameuliza kama kiti hakijambo. Nimemjibu ni kizima.

Nimekaa nikayapima makosa, kama mtu mwenye akili. Gari ndilo lenye kosa. Aliyetengeneza mlango mwembamba namna ile alikuwa anamfikiria nani, nyoka? Na kinyozi naye, utu gani huo wa ghafla bila kutoa taarifa? Adui wa heshima hubaki adui, mtu ajue pa kumweka. Basi Ngongoti akija likizo tutasafiri tena, polepole zaidi, na safari hii sibahatishi. Nimeanza kukitanua kiti, kuna pa kuwekea kikombe cha chai kulia na pa kuwekea kisahani kushoto. Asubuhi Mjomba ameniwekea futi mezani, mbele yangu kabisa. Nimeitumia kufungia mfuko wa sponji. Inakaza vizuri.

Kilichoharibika kweli ni kimoja tu. Jana gari lilipoanza kutembea, Ngongoti alitoa mkono dirishani, ule mkono wake mrefu, akaunyoosha upande wangu. Akaendesha hivyo, mkono nje, polepole, polepole kama tulivyopanga, mpaka kona. Sikuushika. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imebeba kiti.