Ratiba ya Likizo na Hatua za Kwenda Mbagala

Jumatatu, 3 Desemba 1951

Likizo imeanza. Ratiba nayo imeanza! Nimeibandika kwenye mlango wa jiko kwa uji wa ngano. Saa mbili hesabu, saa tatu uchunguzi wa mimea, saa nne insha, na kadhalika mpaka saa kumi nitakaporudi kutoka bandarini, ambako mimi ni karani wa ghala. Watoto watatu watajifunza wenyewe, bila kushikwa mkono. Temeke nzima itakuja kunakili.

Kasoro moja. Mke wangu Rosalia hayupo. Aliondoka juzi kwenda Mbagala kwa kaka yake, Polikarpo, kwa sababu nilimtengenezea na yeye ratiba. Kuamka, kisima, kufagia, jiko. Kuzungumza na majirani, dakika kumi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaifungia kwenye pindo la khanga, kisha akafunga na furushi lake. Nikamuuliza, na watoto je? Akasema nisiwe na wasiwasi, ratiba itawalea.

Itawalea kweli! Simfuati. Aliyeondoka kwa miguu yake atarudi kwa miguu yake. Kabla shule hazijafunguliwa atakuwa hapa, na mimi sitakuwa nimeomba.

Jumanne, 4 Desemba

Ukaguzi wa kwanza. Albano, miaka tisa, alimaliza hesabu zote kabla ya saa tatu. Siku iliyobaki ameimalizia juu ya paa la jirani.

Eufrazia, miaka sita, nilimpa makopo mawili ya kunde apande na kuchunguza. Amechunguza. Amezifukua mara saba kuona kama zimeota. Nikamweleza kwamba mbegu haipendi kusumbuliwa, iache, itatoka yenyewe. Akauliza kama na mama tumemwacha ili atoke mwenyewe. Nikasema sasa ni saa ya hesabu.

Anjelina, mkubwa, miaka kumi na miwili, ameandika insha ya mistari kumi, "Mambo Niliyoyaona Nyumbani". Mstari wa kwanza: Baba ameunguza ugali. Wa nne: Baba amekwenda kazini shati ndani nje. Wa kumi: Baba amemuuliza Bwana Mwishehe mara tatu kama amepita Mbagala. Mwandiko safi. Nimempa saba juu ya kumi.

Mwishehe ni jirani anayeleta nazi kwa baiskeli kutoka huko. Kumuuliza habari za njia si ajabu. Na ilikuwa mara mbili.

Jumatano, 5 Desemba

Ugali umeungua tena. Nimeulia kwenye mkeka upande wangu. Upande wa pili hakuna mtu wa kuniambia, haya karani, kula kabla hakijapoa. Nilikuwa nikichukia kuitwa karani nyumbani kwangu.

Lakini nimepata wazo!

Alhamisi, 6 Desemba

Somo la jiografia. Nimemtuma Albano kupima njia ya Mbagala kwa hatua, kutoka mlango wetu mpaka mlango wa mjomba wake. Punje za mahindi mfuko wa kulia. Kila hatua mia, punje moja inahamia mfuko wa kushoto. Nimempigia pasi shati, nimemchomekea penseli sikioni. Alipendeza, akawa kama mpima ardhi.

Siri ya mpango ni hii. Rosalia atamwona mwanawe, safi, msomi, anahesabu. Atauliza nani kamfundisha. Moyo utalainika. Kesho yake atarudi naye, na hapo atakuwa amerudi mwenyewe. Mimi nitakuwa nimekaa barazani nasoma, nashangaa kidogo.

Ijumaa, 7 Desemba

Albano hakurudi. Mwishehe ameleta habari. Mtoto mzima, anachonga kijiko cha mti kwa mjomba wake na amekatwa nywele. Hatua ngapi? Mwishehe akasema punje zote zilikaangwa zikaliwa. Utafiti mzima umeliwa!

Salamu za Polikarpo zilikuja pamoja na embe tatu. Anasema mtoto akija kwa mjomba haulizwi anaondoka lini. Hapo nikashika kichwa. Sisi watu wa Masasi, mjomba ana kauli zaidi juu ya watoto kuliko baba, na mimi nimemtumia mtoto mkononi, amepigwa pasi. Polikarpo hana hata saa. Ana patasi na uvumilivu, basi, na watoto wanamfuata.

Embe zilikuwa nzuri.

Jumamosi, 8 Desemba

Somo la uandishi wa barua. Nimeandika mfano wa barua ya kirafiki ili Anjelina aupeleke kwa mama yake, auone tu, kama mfano. Nilianza na kurasa mbili. Niliandika kwamba nyumba imekuwa kubwa. Nikafuta, si kweli, vyumba ni viwili. Niliandika kwamba asubuhi nasikia kuku wanalishwa, nikitoka hakuna anayewalisha. Nikafuta. Niliandika kwamba nilikosea. Hiyo niliifuta haraka kuliko zote, wino ukachafua shati. Kilichobaki ni hiki: "Sisi wazima, hofu na mashaka ni juu yako. Wako, Fransis." Safi, fupi, haina makosa.

Anjelina aliagizwa apeleke barua na kumrudisha Albano. Eufrazia akalia mpaka akaruhusiwa kumfuata, na kopo moja la kunde kifuani. Kopo la pili aliniachia mimi. Akanionya nisifukue.

Saa kumi na mbili jioni hakuna aliyerudi.

Jumapili, 9 Desemba

Misa peke yangu. Watu wanauliza mama hajambo. Hajambo, yuko kwao. Watoto? Hawajambo, wako kwenye masomo.

Nyumbani ratiba iko mlangoni na hakuna wa kuifuata. Nikaifuata mimi. Saa mbili nilifanya hesabu za Albano, nikakosa moja. Saa tatu nilichunguza mimea. Kunde imeota! Shina jembamba limejikunja, na udongo bado uko kichwani. Nikageuka kumwita mtu aje aone. Hakukuwa na mtu.

Saa nne, insha. Nimeandika mstari mmoja. Ninamtaka mke wangu. Sikuufuta.

Jumatatu, 10 Desemba

Nimeomba ruhusa ya siku mbili kazini. Nimekwenda! Si kumfuata. Nimekwenda kuhakiki hatua, maana hesabu iliyoliwa haina uthibitisho. Punje mfuko wa kulia, kopo la kunde mkononi.

Njiani Mwishehe alinipita na baiskeli, akashuka, akanitazama. Akasema leo nikumbuke jambo moja tu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikamshukuru, akatangulia, nikaangalia njia kwa makini. Sikujikwaa hata mara moja.

Hatua elfu kumi, mia mbili na kumi na mbili. Kwa Polikarpo mkeka umetandikwa, kuku amechinjwa, wazee wawili wa kwao wamekaa. Watoto wameoga. Furushi la Rosalia limefungwa, liko mlangoni. Nikajiuliza anasafiri kwenda wapi.

Tukasalimiana. Polikarpo akanikaribisha, akasema wazee wameitwa wasikie neno langu. Rosalia akatoka. Amevaa ile khanga ya Krismasi. Moyo ulinipiga mpaka nikashika mfuko wa punje. Akauliza nimefuata nini.

Nilikuwa nalo, neno lenyewe. Lilikuwa mdomoni kabisa. Wote walinigeukia, hata Eufrazia. Nikasema nimekuja kuhakiki hesabu ya Albano.

Akauliza, hesabu tu? Nikasema ndiyo, hesabu tu, na nikaitaja, pamoja na zile kumi na mbili za mwisho. Rosalia akalichukua kopo la kunde, akaliweka kivulini. Kisha akakaa chini akaanza kufungua furushi. Mzee mmoja akakohoa. Tukala kuku.

Nimerudi peke yangu, nikihesabu. Hatua elfu kumi, mia saba na nne. Kurudi ni mbali zaidi. Sijui kwa nini.

Jumanne, 11 Desemba

Sikulala vizuri, lakini kulipopambazuka kosa limedhihirika. Lilikuwa kwenye ratiba! Siku nane za likizo, kila kitu kimepangiwa saa yake, na kurudi kwa Mama hakukupangiwa saa. Atarudije?

Nimeandika nyingine, kwa wino mwekundu, nikampa Mwishehe aipeleke asubuhi hii hii. Aliisoma, akaikunja, akapanda baiskeli. Nimelegeza sana. Kuzungumza na majirani sasa ni dakika kumi na tano. Mwanamke gani atakataa? Na chini yake: Saa tisa alasiri, Mama kurudi. Dakika tano za kuchelewa zimeruhusiwa.

Nimefagia. Nimelisha kuku. Nimeosha sahani tano na kuzipanga mkekani.

Sasa ni saa kumi na moja kasoro robo. Saa hii lazima inakwenda mbele. Kesho nitaipeleka kwa fundi.