Sauti ya Dude Nyuma ya Pazia

Alhamisi, 14 Agosti
Mwezi wa tatu tangu baba ahamishiwe Mbamba Bay. Marafiki: sina. Leo Notburga, anayekaa mbele yangu darasani, aligeuka. Alitaka rula. Nikampa bila neno hata moja. Mjinga mimi!
Ila mpango nimepata. Kaka Placidi wa kibanda cha video, ambaye hutafsiri filamu zote kwa kipaza sauti, amekaukiwa sauti. Na Jumamosi ana filamu ya zamani ya Kijapani: dude kubwa linatoka baharini, linakanyaga mji. Maandishi ya chini Kiingereza. Nikajitolea. Sharti moja tu, nikae nyuma ya pazia. Akanong'ona kuuliza kama natafutwa na polisi.

Jumamosi, 16 Agosti
Kibanda kimejaa. Notburga benchi la mbele (nilichungulia kwenye tundu). Wajapani wakakimbia, nikasema wanapanda milima kwenda Mbinga. Vicheko! Halafu dude likasimama peke yake majini, likanguruma. Maandishi hakuna. Nikajikuta nasema: "Sikuja kuvunja nyumba zenu. Niliona taa, nikasikia mnaongea. Kule chini hakuna anayeniita jina."
Hakuna aliyecheka. Mvuvi mmoja mzee akasema jamani, mpeni hata dagaa wa usipa, akae.
Mwishoni Wajapani wakaliua. Notburga akafuta macho kwa kanga. Nikangoja watoke wote. Nje, Placidi anapongezwa kwa kutafsiri. Sauti hana, kwa hiyo hakukanusha.

Jumapili, 17 Agosti
Mazoezi mbele ya kioo: lile dude ni mimi. Lile dude ni mimi. Mama akauliza kutoka jikoni naongea na nani. Nikasema na mwenzangu. Akafurahi mno, akaleta chai vikombe viwili.
Nimevinywa vyote.

Jumatatu, 18 Agosti
Notburga aligeuka kurudisha rula. Hakuachia upesi. Akasema polepole, "Ambokile, Placidi hana sauti tangu wiki iliyopita. Lile dude ni wewe?"
Jina langu analijua!
Nikasema hapana.
Akanitazama kidogo, akageuka mbele. Hakugeuka tena.
Si neno. Jumamosi Placidi anaonyesha sehemu ya pili, dude limefufuka. Litamjibu Notburga kila kitu, vizuri kabisa. Nimeomba pazia nene zaidi. Hili lina tundu.