Mistari Miwili ya Delmar Hostetler

Delmar Hostetler hakusumbuliwa na uzee, wala kipara, wala shinikizo la damu. Alisumbuliwa na mstari mmoja!

Katika kaunti yao, huko Indiana, Marekani, mwanamume hapimwi kwa ndevu. Anapimwa kwenye lami. Unasimama kwenye taa, unakanyaga moto, tairi zinalia, unaondoka. Nyuma yako watu wanakuja, wanainama, wanahesabu. Ukiacha mistari miwili myeusi, wewe ni dume. Ukiacha mmoja, basi gari lako linazungusha gurudumu moja huku la pili likitazama tu, na utachekwa mpaka siku ya kuzikwa. Delmar alikuwa na gari jekundu la milango miwili, silinda nane, aliloliita Radi. Radi lilinguruma mpaka kuku wa jirani wakaacha kutaga. Likiondoka: mstari mmoja.

"Shemeji," Duane, kaka wa mkewe, alikuwa akimwambia kila Jumamosi kwenye mayai na kahawa, "lile gari lako bado linachechemea?"

Miaka kumi na moja ya maneno hayo, jamani! Basi Darla, binti yake wa pekee, alipotangaza arusi, Delmar alimkumbatia, akalia kidogo, na akiwa bado analia akaanza kufikiria difu, yale meno ya ekseli ya nyuma yanayogawia magurudumu nguvu. Angempeleka mwanawe kanisani kwa Radi. Kisha angewabeba maharusi kwa Radi hilohilo, na pale mbele ya kanisa, mbele ya Duane, angechora mistari miwili ambayo wajukuu wangekuja kuisoma.

Akaagiza difu ya kuvuta magurudumu yote mawili, na gia fupi za kulifanya gari liruke likiguswa tu. Jumamosi mbili alilala chini ya ekseli. Alipaka meno ya gia rangi ya njano, akazungusha, akachungulia alama, akafungua tena, akaongeza kibati chembamba kuliko ukucha, akafunga. Alimwita mkewe, Rhonda, aje aone jinsi meno yanavyokutana.

"Nimeona, mume wangu. Sasa niache nichague maua."

"Maua! Mwanamke, hapa pana kazi ya daktari wa moyo!"

Kweli kazi ilikuwa safi. Alilijaribu gari mara moja nyuma ya ghala, na mistari ikatoka miwili! Delmar alipiga magoti akaipapasa.

Ila palikuwa na jambo moja. Mama wa duka la spea alikuwa amemtilia kwenye bahasha kigia cha plastiki, cha buluu, kidogo kama mbegu ya embe changa. "Delmar, ukibadilisha gia za difu, mshale wa spidi unaanza kudanganya. Hiki unakifunga kwenye giaboksi, dakika kumi tu."

"Mama, mimi ni mtu wa chuma," alijibu Delmar. "Plastiki nawaachia watoto." Akaitupa bahasha kwenye kidroo cha dashibodi, akaisahau.

Tangu siku hiyo Radi likawa na mshale mwongo. Ukisema sitini, gari linakwenda arobaini. Na kwa kuwa gia ni fupi, injini ilikuwa inapiga mayowe ya sitini na zaidi! Macho yanasema tunaruka, masikio yanasema tunaruka. Mahindi ya kando ya barabara ndiyo peke yake yaliyoujua ukweli, na mahindi hayasemi.

Siku ya arusi ikafika. Kanisa lilikuwa la upande wa bwana harusi, maili sitini kutoka nyumbani. Ndoa saa nane kamili. Na mchungaji alishasema mapema, bila kumung'unya: saa nane na nusu anaondoka, ana mazishi. Asiyekuwepo, aje Jumamosi ijayo.

Rhonda alitangulia na keki. Saa saba kasorobo Delmar akamsaidia Darla kulikunja gauni lake jeupe ndani ya Radi, akashika usukani.

"Baba, tutawahi?"

"Maili sitini, mwendo wa sitini, saa moja. Tutafika robo saa kabla. Utapata hata muda wa kutapika kwa woga."

Wakatoka. Mshale sitini. Injini inalia. Delmar akafungua kioo, upepo ukampiga kwenye kipara, akajisikia kijana.

Gari la kwanza kuwapita lilikuwa na mashua mgongoni. La pili lilikuwa basi la kanisa limejaa wazee, nao wakawapungia mkono. Delmar akatikisa kichwa. "Watu siku hizi hawaogopi kifo!"

Kisha likaja lori la nguruwe. Lilikaa sambamba nao muda mrefu, nguruwe wakimtazama bi harusi na bi harusi akiwatazama nguruwe, mpaka akaufunika uso kwa shela. Akafungua kidroo kutafuta kitambaa cha karatasi, akakuta bahasha.

"Baba, hiki nini?"

"Mchezo wa watoto. Kirudishe."

Halafu likawapita gari jeusi refu lenye maua kioo cha nyuma. Gari la maiti! Darla akageuka.

"Baba... hata yule ana haraka kutuzidi."

"Mwanangu, tuko sitini hapa. Hao ni vichaa. Nitaandika barua gazetini."

Nyuma yao foleni ilikuwa imefika kilimani. Ghafla honi ikalia, Buick kubwa ya zamani yenye rangi ya siagi ikachomoka kwenye foleni na kuwapita vuu! Delmar akatoa kichwa nje. "Punguza mwendo, wewe mwendawazimu! Utaua watu!"

"Baba, yule ni Bibi."

Alikuwa Bi Orpha kweli, mama mkwe wake, miaka sabini na tisa, aliyekuwa amechelewa nyumbani kwa sababu alimaliza kwanza kulisha mabata.

Saa ikafika nane kasorobo. Kanisa lilipaswa kuwa mbele yao. Mbele yao palikuwa na mahindi.

"Baba, tungekuwa tumefika."

"Ramani," alisema Delmar, jasho likianza kumtoka. "Ramani imekosewa."

Hapo ndipo taa za buluu zilipowaka nyuma. Na niseme ukweli, kijasho chote kilimkauka Delmar, akajawa na furaha! Kusimamishwa kwa mwendo wa kasi siku ya arusi ya binti yako! Duane angesema nini? Akanyoosha tai.

"Najua, afande, najua," alisema kabla polisi hajafika dirishani. "Nilikuwa nachoma barabara. Ni bi harusi huyu, nielewe."

"Mzee," alisema polisi, "una magari ishirini na saba nyuma yako. Ulikuwa unakwenda arobaini."

"Arobaini juu ya kiwango?"

"Arobaini, mzee. Basi."

Delmar alicheka. Kisha akaacha. "Mtambo wako mbovu! Nilikuwa sitini! Mshale huu hapa!"

Polisi akaisikiliza injini kidogo. "Umebadilisha gia za difu?"

"Umejuaje?"

"Na kigia cha mshale ulibadilisha?"

Darla akafungua kidroo polepole, akaitoa bahasha, akaidondoshea ile plastiki ya buluu mkononi mwa baba yake. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na saa ya dashibodi inakaribia nane.

"Imebaki maili ishirini," alisema. "Baba, mchungaji ataondoka."

Polisi akatoa kitabu. "Nitakuandikia kuzuia magari kwa mwendo wa kobe."

"Usiandike hivyo!" Delmar alimshika mkono. "Kaka yangu, nakusihi. Andika sabini! Andika themanini! Nitalipa mara mbili! Nina shemeji!"

"Arobaini ni arobaini, mzee."

Wakati huohuo Buick ya siagi ikarudi kwa kasi, ikageuka barabarani na kusimama. Bi Orpha akashusha kioo. "Darla! Nimewangoja mbele, hamtokei. Ingia, mjukuu wangu. Baba yako aendelee na matembezi yake."

Darla akamtazama baba yake. "Nisamehe, Baba," akasema, akakusanya gauni lake na kukimbia. Buick ikatoweka.

Delmar alibaki na karatasi ya faini mkononi. Alipoachiliwa alikanyaga mafuta mpaka mshale ukasema tisini, akawa anaomba Mungu kwa sauti. Gari lilikuwa linakwenda sitini! Njia nzima hakufikiria mistari. Alifikiria mlango wa kanisa, na nani atakuwa amemshika mwanawe mkono.

Alifika saa nane na dakika ishirini na tano. Darla alikuwa amesimama mlangoni, shela imepinda, inanuka nguruwe kidogo.

"Mchungaji ananifokea," alisema. "Anasema marehemu wake kafika zamani, bi harusi ndiye anayechelewa. Nikamwambia siingii bila baba yangu."

Delmar alimpa mkono, wakaingia. Ndoa ilifungwa kwa dakika tano, mchungaji akikimbiza kiapo kimoja na kumeza nusu ya kingine.

Kwenye keki Duane alisimama kutoa hotuba. Hakutoa hotuba. Alisoma ile karatasi ya faini, aliyoiokota kwenye kiti cha Radi, mstari kwa mstari, na ukumbi ukaanguka kwa vicheko.

"Chekeni!" alisema Delmar akiinuka, kifua mbele. "Ila maharusi wanaondoka na Radi. Tokeni nje mhesabu mistari!"

Watu wakatoka. Radi lilisubiri na tepe zake za arusi. Darla akalitazama, akamtazama mumewe, akambusu baba yake shavuni.

"Baba, nakupenda sana. Lakini tuna ndege ya saa kumi na mbili."

Wakaingia kwenye Buick. Bi Orpha akafunga mkanda, akavaa miwani, akakanyaga. Tairi zikalia! Moshi ukafunika ngazi za kanisa! Lile gari la siagi likaruka kwenda barabarani, makopo matupu yaliyofungwa kwa desturi ya arusi yakicheza nyuma yake.

Moshi ulipoondoka, Duane alikuwa amechuchumaa kwenye lami.

"Mmoja," alihesabu kwa kidole. "Miwili."

Delmar aliinama karibu naye. Ilikuwa miwili kweli, mieusi, imenyooka. "Haiwezekani," alinong'ona. "Buick ya bibi kizee?"

"Marehemu mzee wetu aliiagiza kiwandani na difu kama hiyo yako, mwaka wa sabini," alisema Duane, akijipangusa magoti. "Kwa ajili ya theluji. Miaka yote hiyo, shemeji, hukuwahi kuuliza."